Katlesi za Mboga za Kihindi kwa Chai ya Jioni: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya ndiyo ninayoulizwa kila ninapopeleka sahani ya katlesi kwenye shughuli. Nusu yake yana jibu moja, nalo ni maji, kwa hiyo usishangae ukiliona linarudi. Nilifundishwa na bibi wa Kigujarati tuliyekaa naye jengo moja Dar es Salaam. Wajukuu zake walimwita Ba, na sisi wengine wote tukafuata. Ba hakujua kijiko cha kupimia. Vipimo vilivyomo humu ni vyangu, nilivipata kwa kumkalia jikoni na kukinga kijiko kila alipochota kitu kwa vidole.

Katlesi ya mboga ya Kihindi ni kitu gani hasa?

Ni viazi vilivyochemshwa na kupondwa, vikachanganywa na mboga na viungo, vikafanywa vidonge bapa na kukaangwa mpaka nje kukauke na ndani kubaki laini. Kule India ni kitafunio cha saa kumi jioni hadi magharibi, na chai ya maziwa pembeni, hasa mvua ikinyesha.

Ila zina koo zake. Kuna alu tiki ya kaskazini, kuanzia Delhi mpaka Lucknow. Hiyo ni kiazi karibu kitupu, hukaangwa kwa mafuta machache juu ya tawa pana la mkokoteni wa barabarani, halafu huvunjwavunjwa na kumwagiwa mtindi na chatne. Kuna patisi ya Mumbai na Gujarat, ambayo huwekwa ndani ya ragda, yaani mchuzi mzito wa njegere nyeupe kavu. Na kuna katlesi yenyewe. Hii iliingia India na Waingereza ikiwa ya nyama, jikoni za Kihindi zikaitoa nyama, zikatia mboga, zikabakiza koti la chenga za mkate. Ninayoieleza hapa ni hii ya mwisho, kwa sababu ndiyo inayovumilia mkono wa mtu anayejifunza.

Si ndiyo kachori na katlesi zetu za Pwani?

Ni ndugu, si pacha. Katlesi ya Unguja na Mombasa mara nyingi ina nyama ya kusaga na huchovywa kwenye yai. Kachori yetu, ile ya viazi vya ndimu na pilipili vilivyoviringwa na kuchovywa kwenye rojo la unga wa dengu, Mumbai wanaiita batata vada. Ukimwagiza Mhindi wa India kachori, atakuletea kinyunya cha ngano kilichojazwa choroko au njegere, na wewe utadhani amekosea. Jina lilivuka bahari likavalishwa chakula kingine. Mumbai wanasema batata, Unguja wanasema mbatata, na wote wawili neno walilipata kwa Wareno.

Vipimo?

Kwa katlesi 12 za ukubwa wa kiganja cha mtoto:

- viazi nusu kilo
- karoti 1, njegere nusu kikombe, maharage mabichi (yale ya maganda) 8
- kitunguu maji 1 kidogo, si lazima
- tangawizi iliyotwangwa kijiko 1 cha chai, pilipili mbichi 2
- bizari nyembamba nusu kijiko cha chai, dania ya unga kijiko 1 cha chai, manjano robo kijiko, garam masala nusu kijiko
- dania mbichi kiganja kimoja, iliyokatwa
- chenga za mkate vijiko 4 vya kula za kuchanganyia ndani, na kikombe 1 za kugaragazia
- unga wa ngano vijiko 3 vya kula na maji kidogo kwa ajili ya rojo
- chumvi, na kitu cha ukali (soma chini kwanza kabla hujakamata ndimu)

Ninunue viazi gani?

Vikavu, vilivyokaa. Viazi vipya vilivyochimbwa wiki hii, vyenye ngozi nyembamba inayochubuka kwa kidole, havifai. Vina maji mengi na ukivisukasuka vinanata. Kwa walioko Kenya, Shangi inafaa sana, lakini huiva upesi kuliko unavyotarajia. Ukienda kupokea simu inapasuka sufuriani na kunywa maji yote.

Nivimenye kabla ya kuchemsha?

Usivimenye. Chemsha na maganda yake, vizima, na vyote viwe vya ukubwa mmoja. Kiazi karibu asilimia 80 yake ni maji tayari, na ganda ndilo linalozuia yasiongezeke mengine. Ukivikatakata vipande, kila uso uliokatwa ni mlango.

Choma kwa kisu. Kisu kikiingia mpaka katikati bila kusukumwa, epua palepale na umwage maji. Hapa ndipo wengi wanapokosea: wanaviacha vipoe ndani ya sufuria. Vitoe, vimenye vikali moto, ukivishika kwa kitambaa kama vinakuunguza, uvipasue vipande viwili na kuvitandaza kwenye sinia. Utaona mvuke ukipanda. Ule mvuke ni maji yanayoondoka bila kukudai hata senti. Mvuke ukikoma, pisha kiganja juu ya uso wa kiazi: uwe mkavu, una unga kidogo, kama ukuta uliopakwa chokaa jana.

Kisha viache vipoe kabisa. Ba alivichemsha asubuhi kwa ajili ya jioni, na mimi nilidhani ni kwa sababu ya ratiba zake za sala. Kumbe wanga wa kiazi ukipoa unakaza, na kiazi baridi kinashika umbo ambalo kiazi cha moto hakiwezi.

Nivisage kwa mashine?

Hapana! Visu vya mashine vinachana wanga unatoka wote, na unabaki na gundi ya kubandikia mabango. Tumia mkono au mwiko, au bora zaidi vikune kwenye kikunio chenye matundu makubwa. Kukuna kunaondoa mabonge bila kuviumiza viazi.

Mboga gani nitie, na nizipike kwanza?

Karoti, njegere na maharage mabichi ndio utatu wa kawaida. Koliflawa ni nzuri, na kabichi inakubalika. Nyanya hapana. Maboga mabichi na matango usiyataje.

Zikate ndogo sana, karibu na ukubwa wa punje ya njegere, kwa sababu kipande kikubwa cha karoti kinachungulia ubavuni na kuanzisha ufa. Ziive kidogo kwa mvuke au kwa maji machache, chuja, halafu (na hii ndiyo hatua inayorukwa) zirudishe kwenye kikaango kikavu juu ya moto mdogo, uzigeuzegeuze dakika tatu hivi mpaka kikaango kiache kutoa sauti ya kufukiza. Njegere zivunje nusu yake kwa mgongo wa kijiko. Njegere nzima imefungia maji ndani ya ngozi yake, na ikipata joto la mafuta inalipuka.

Kitunguu ukikitia kibichi, kitie mwisho kabisa pamoja na chumvi, dakika chache kabla ya kufinyanga. Chumvi huvuta maji kutoka kwenye kitunguu. Mchanganyiko uliokuwa mkavu saa nane utaukuta umelowa saa kumi, na utamlaumu muuza viazi bure.

Zinapasuka au kuyeyuka kwenye mafuta. Kosa langu ni nini?

Siku ya kwanza kuzipika peke yangu nilikuwa na wageni sita sebuleni. Nikatia katlesi nne kwenye karai. Zikatulia kidogo, kisha mafuta yakaanza kufoka kama sabuni, na nilipochota na kijiko cha matundu sikupata katlesi hata moja. Viazi vimeyeyuka vyote, njegere zinaelea juu kama shanga. Wageni wakala biskuti za dukani.

Tangu siku hiyo nafuata utaratibu huu wa kutafuta kosa.

Kwanza, bonyeza mchanganyiko mkononi. Ukiacha unyevu unaong'aa kwenye kiganja, maji yamezidi. Ongeza chenga za mkate kijiko kimoja kimoja, subiri dakika kumi zinywe, kisha jaribu tena. Usiongeze unga wa ngano mbichi. Unashika kweli, lakini katlesi inakuwa nzito na ina ladha ya uji. Suji kavu inafaa. Pepeta iliyosagwa pia, na si ubunifu wangu: India wanatumia poha, ambayo ni mchele uliobanwa bapa, jamaa wa karibu wa pepeta yetu.

Pili, tazama kingo. Ukibonyeza kidonge kiwe bapa, pembeni huchanika vifa vidogo. Zungusha ukingo kwa kidole kilichopakwa mafuta mpaka uwe laini kama wa kifungo. Ufa mdogo mkononi unakuwa bonde kwenye karai.

Tatu, ziliingia baridi? Baada ya kuzifinyanga ziweke kwenye friji nusu saa. Kama huna friji, ziache mahali penye upepo, zimefunikwa na kitambaa chepesi, kwa muda huohuo.

Nne, mafuta yalikuwa tayari? Mafuta ya uvuguvugu hayakaushi uso, yanaingia ndani. Na ukitia nyingi kwa pamoja unayapoza mwenyewe.

Tano, na hili ni la subira tu: uliigeuza mapema. Ikiwa bado imeshika chini, haijawa tayari. Ikiwa tayari itaachia yenyewe.

Kabla ya kutia zote, kaanga moja ya majaribio. Ikivunjika umepoteza moja tu, na mpishi ana haki ya kuila.

Lazima yai?

Si lazima, na katika nyumba nyingi za Kigujarati halitakiwi kabisa, kwani wengi wao ni walaji wa mboga na yai kwao haliingii katika hesabu hiyo. Badala yake changanya unga wa ngano, au nusu yake na kornflawa, na maji mpaka upate rojo jepesi linalopaka mgongo wa kijiko na kutiririka. Chovya katlesi kwa mkono mmoja, igaragaze kwenye chenga kwa mkono mwingine. Ukitumia mkono mmoja kwa kazi zote mbili, baada ya katlesi ya nne vidole vyako navyo vitakuwa tayari kukaangwa.

Na chenga za mkate nizipate wapi?

Boflo la juzi. Likaushe juani au ovenini, ulitwange. Za dukani ni nzuri pia, ila soma kama hazina chumvi.

Mapishi yote yanataja amchur. Nisipoipata?

Amchur ni embe bichi lililokatwa, likakaushwa na kusagwa. Maduka ya viungo ya Kihindi ya Dar, Mombasa na Nairobi wanayo. Sifa yake si ukali peke yake, kwani ndimu nayo ni kali. Amchur ni unga: inatia ukali bila kutia hata tone la maji. Kijiko kimoja cha chai kinatosha nusu kilo ya viazi. Usipoipata, tumia ndimu lakini nusu tu, na uongeze kijiko cha chenga kufidia. Au acha ukali wote uende kwenye chatne.

Kwa upande wa viungo vingine, bizari nyembamba ikaange kavu kwenye kikaango mpaka inukie, kisha itwange nusunusu. Hatua hii ya dakika mbili inabadilisha chakula kuliko kuongeza kiungo cha sita na cha saba.

Moto kiasi gani, na mafuta mengi au machache?

Katlesi zenye koti la chenga zinataka mafuta yafike angalau nusu ya unene wake. Joto liwe kama nyuzi 175 hadi 180 za Selsiasi. Kama huna kipimajoto, tupia chenga moja ya mkate: ikizama na kukaa, subiri, ikipanda haraka na vipovu vidogo vikaizunguka, tia, ikiwa nyeusi kabla hujahesabu kumi, punguza moto.

Dakika tatu hivi kila upande. Kumbuka ndani kila kitu kimeshaiva, unachotafuta ni ganda na joto. Zikitoka ziweke juu ya chekecheke au wavu, upepo upite chini. Kwenye karatasi zinatoa jasho na upande wa chini unalainika.

Alu tiki isiyo na koti ni kwa tawa: mafuta vijiko viwili, moto mdogo, dakika saba au nane kila upande bila kuigusagusa.

Oveni au mashine ya kukaanga kwa hewa ya moto?

Inawezekana. Pakaza mafuta pande zote mbili, nyuzi 200, dakika kama 20, ugeuze katikati. Zitakuwa nzuri. Hazitakuwa zilezile, na anayekuambia hakuna tofauti hajala za karai siku nyingi.

Naweza kuziandaa mapema? Narudi kazini saa kumi na moja.

Ndiyo, na kwa kweli ni bora. Zifinyange usiku au alfajiri, uzigaragaze kwenye chenga, uzifunike ndani ya friji. Jioni unakaanga tu. Zisikae hivyo zaidi ya siku moja kama zina kitunguu kibichi. Kwa friza, zipange kwenye sinia zisigusane mpaka zigande, ndipo uzitie mfukoni. Zinakaa mwezi mzima bila tabu. Zikaange zikiwa zimeganda, moto mdogo kidogo kuliko kawaida. Ukiziyeyusha kwanza, barafu inakuwa maji na tunarudi kwenye kisa cha njegere na shanga.

Mchanganyiko wa viazi usikae mezani zaidi ya saa mbili katika joto letu.

Niandae chatne gani?

Mbili, ukiweza. Ya kijani: dania mbichi fungu moja, nanaa nusu ya hapo, pilipili mbichi, kipande cha tangawizi, chumvi, bizari nyembamba kidogo na ndimu, saga na maji machache kadiri mashine itakavyokubali. Ya pili ni ya ukwaju: loweka ukwaju, chuja, chemsha na sukari guru na tende chache mpaka iwe nzito. Hii inakaa kwenye friji wiki mbili. Ile ya kijani kesho yake imeshanuna.

Tomato sosi ya chupa? Huko India ndiyo inayoandamana na katlesi kwenye mikahawa mingi, kwa hiyo usione haya.

Nina wageni wasiokula kitunguu wala viazi.

Huenda ni Wajaini, wafuasi wa dini ya Kijaini ya India. Wanaoshika dini sawasawa hawali kitu kinachong'olewa na mizizi yake: viazi, karoti, kitunguu, thomu, hata tangawizi mbichi. Jikoni zao zimeshapata jibu zamani, nalo ni ndizi mbichi za kupika. Zichemshe na maganda, zimenye, ziponde zikiwa vuguvugu kwa sababu zikipoa zinakuwa ngumu kama udongo. Njegere, kabichi na dania vinaruhusiwa. Wenyeji wa Bukoba na Moshi mnaosoma hapa, hii ni yenu, na nashangaa hatukuianza sisi.

Wahindu waliofunga, kwa mfano siku za Navratri, ni jambo jingine. Wengi wao viazi wanakula, ila hawatii kitunguu, thomu wala nafaka. Basi chenga za mkate hazifai. Viazi wanavishikisha kwa unga wa uwanga, ndani wanajaza nazi iliyokunwa, karanga na zabibu kavu, na chumvi wanatumia ya mawe. Wagujarati wanaiita farali patisi. Muulize mgeni wako kwanza, kwani kila nyumba ina mpaka wake.

Nimeona katlesi nyekundu ndani. Ni rangi?

Ni bitiruti. Kolkata wana chopu ya mboga ya bitiruti na karoti, yenye karanga na vipande vya nazi vilivyokaangwa. Kerala nako, mikahawa ya Indian Coffee House, inayoendeshwa na ushirika wa wafanyakazi wenyewe, inajulikana kwa katlesi yake nyekundu. Bitiruti ikune, uikaange mpaka ikauke kabisa. Mboga hii ina maji mengi, na inatia rangi kila kitu, hata kucha.

Kwa watoto?

Toa pilipili, punguza garam masala, ongeza njegere. Zifanye ndogo, watakula mbili wakidhani wamepewa nyingi.

Zimebaki. Nizifanyeje kesho?

Zipashe kwenye kikaango kikavu, si kwenye maikrowevu. Au ziweke katikati ya mkate wa mofa au skonzi pamoja na chatne zote mbili. Mumbai wamejenga mji mzima juu ya mkate wenye kiazi cha kukaanga ndani, ule wanaouita vada pao. Au zivunje ndani ya bakuli la urojo. Mzanzibari atakwambia bhajia na kachori zinatosha, lakini mkate wa nyumbani kwako unakatwa na kisu chako.

Na mafuta yaliyobaki?

Yakipoa yachuje kwa kitambaa, maana zile chenga zilizoungua chini ndizo zinazoyafanya yawe machungu. Ukiyahifadhi gizani unaweza kuyakaangia mara moja au mbili tena. Yakianza kutoa moshi mapema au kutoa povu lisilotulia, yamekwisha. Yatie kwenye chupa, uyatupe na taka, usiyamwage kwenye sinki. Jengo letu bomba la ghorofa ya pili liliziba hivyo, na hatukumpata mwenye kosa mpaka fundi alipotoa njegere tatu na chenga za mkate.